Mtawala Mwanamke Apimwe kwa Hoja, si kwa Uvumi

Maji ya Ziwa Naivasha yalipopanda na kuingia katika mtaa wetu wa Kihoto mwaka 2020, na yaliporejea kwa kishindo zaidi mwaka 2025, watu walihamisha magodoro na sufuria kwa mashua kupitia njia ambazo zamani walizipita kwa miguu. Baada ya mafuriko hufuata mikutano, na katika mmojawapo wa mikutano hiyo mama mmoja alisimama akiwa na daftari mkononi. Humo alikuwa ameandika, mlango kwa mlango, ni nani aliyehamishwa na maji, ana watoto wangapi, na kama amepata msaada au la. Alikuwa na swali moja tu: kwa nini orodha ya waliopokea msaada ina majina ambayo hakuna mtu mtaani ayajuaye?

Kabla hajamaliza, mwanamume mmoja alidakia kutoka nyuma: “Mwacheni huyo Wangu wa Makeri! Leo ameshika daftari, kesho atatukalia migongoni!” Mkutano ukaangua kicheko. Mwingine akauliza mume wa mama huyo yuko wapi saa hizo. Kicheko kikazidi. Mama akalifunga daftari lake, akaketi. Swali lake halikujibiwa hadi mkutano ulipovunjika. Nami, msomaji mpendwa, nakiri mbele yako kwamba nilikuwa nimeketi safu ya pili, na nilicheka pamoja na wenzangu.

Tangu siku ile kicheko changu kimenisumbua, hasa nikilikumbuka jina la mtaa wetu. Katika lugha ya Kigikuyu, kihoto ni hoja ya haki, ile hoja ambayo wazee walisema ina nguvu ya kuuvunja upinde uliokwisha kuvutwa. Iweje basi katika mtaa wenye jina kama hilo, hoja iliyoandikwa kwa kalamu ivunjwe kwa kicheko?

Nimeona kwamba jambo hili si la Kihoto peke yake, wala si la leo. Karne ya 18 ilikuwa na wanawake wawili waliovaa mataji ya milki kubwa kwa wakati mmoja, mmoja kaskazini mwa dunia na mwingine hapa jirani. Wa kwanza ni Catherine wa Pili wa Urusi. Wa pili ni Mentewab wa Uhabeshi, nchi ambayo leo twaiita Ethiopia. Hawakuonana kamwe. Lakini maisha yao yanafanana kwa mambo mengi, na wote wawili wanatufundisha somo moja: uvumi humnyang’anya mtawala sifa anayostahili, na papo hapo humfichia kosa analostahili kuulizwa.

Tuanze na Catherine, maana jina lake ndilo mashuhuri zaidi. Watu wengi ambao hawajui hata mwaka alioanza kutawala wanaijua hadithi moja chafu kuhusu kifo chake, hadithi ya farasi, ambayo haifai kurudiwa katika gazeti linalosomwa na watoto. Hadithi hiyo ni ya uongo. Catherine alishikwa na kiharusi mwezi wa Novemba 1796, akapoteza fahamu, akafariki kitandani mwake siku iliyofuata akiwa na umri wa miaka 67. Hayo tu. Hata hivyo, uongo huo umeishi zaidi ya miaka 200 na umesafiri hadi katika madarasa yetu, ilhali sheria alizoandika hazijulikani na wengi.

Mwanamke huyu hakuwa Mrusi hata kidogo. Alizaliwa mwaka 1729 huko Stettin, mji ambao leo uko Poland, akaitwa Sophie, binti wa mwana wa mfalme mdogo wa Kijerumani asiye na mali ya kutajika. Alipelekwa Urusi mwaka 1744 akiwa na umri wa miaka 14 ili aposwe na mrithi wa kiti. Alibadili dini, akabadili jina, akajifunza Kirusi kwa kukesha usiku hata akaugua mapafu. Mumewe, Peter wa Tatu, alitawala kwa miezi 6 tu. Mwezi wa Julai 1762 Catherine alimpindua kwa msaada wa askari wa ulinzi wa kasri, na siku chache baadaye Peter akafia mikononi mwa walinzi wake. Waliomlinda hawakuadhibiwa.

Kwa miaka 34 iliyofuata, Catherine alitawala kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1764 alianzisha shule ya wasichana ya Smolny katika mji wa Saint Petersburg. Mwaka 1767 aliandika mwongozo mrefu wa sheria na kuwaita wajumbe zaidi ya 500 kutoka pembe zote za milki waujadili. Mwaka 1783 alimweka mwanamke, Yekaterina Dashkova, kuongoza Chuo cha Sayansi cha nchi hiyo, jambo ambalo halikuwa la kawaida popote Ulaya. Majeshi yake yaliwashinda Waturuki mara mbili, na mwaka 1783 akaitwaa Krimea.

Lakini, kama wahenga walivyonena, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ina pande mbili. Wakulima waliomilikiwa na mabwana pamoja na ardhi waliyoilima hawakuwa na mjumbe hata mmoja miongoni mwa wale zaidi ya 500. Mwaka huohuo wa 1767 amri ilitolewa kuwakataza wakulima hao kupeleka mashtaka dhidi ya mabwana zao. Walipochoka, walimfuata Pugachev katika uasi mkubwa wa mwaka 1773 hadi 1775, uasi uliozimwa kwa damu. Vilevile Catherine aligawana nchi ya Poland na majirani zake mara tatu, mwaka 1772, 1793 na 1795, hata nchi hiyo ikafutika katika ramani. Watu aliowapenda aliwapa zawadi ya mashamba pamoja na maelfu ya binadamu waliokuwa wakiishi humo.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Mpiga soga husimulia kwamba Catherine alikuwa na wapenzi wengi, akacheka na kwenda zake. Wafalme wa zama zake, Louis wa 15 wa Ufaransa akiwa mmoja wao, walikuwa na mahawara waliojulikana na kila mtu, na hakuna anayewakumbuka kwa hilo pekee. Lakini la kusikitisha zaidi ni kwamba mpiga soga hapati hata nafasi ya kuuliza swali lililo zito: wapenzi hao walilipwa kwa mali ya nani? Walilipwa kwa jasho na miili ya wakulima. Kicheko kimeishia mlangoni mwa chumba cha kulala, na kosa lenyewe limebaki nje shambani bila kuonwa.

Sasa tuje kwa jirani yetu. Mentewab alizaliwa mnamo mwaka 1706 katika jimbo la Qwara, magharibi ya Ziwa Tana, na jina lake la ubatizo lilikuwa Walatta Giyorgis. Aliolewa na Mfalme Bakaffa. Bakaffa alipofariki mwaka 1730, mwana wao, Iyasu wa Pili, alikuwa bado mtoto mdogo. Mama huyo angeweza kuiongoza nchi akiwa nyuma ya pazia, kama walivyofanya mama wengi wa wafalme duniani. Mentewab alilikataa pazia. Mwaka huohuo wa 1730 alivikwa taji, akawa mtawala pamoja na mwanawe, akaitwa Itege, yaani malkia wa milki. Yafaa tukumbuke kwamba wakati huo Sophie wa Stettin alikuwa mtoto mchanga.

Taji halikumpa raha. Mwaka 1732 waasi walimzingira yeye na mwanawe katika kasri la Gondar, uliokuwa mji mkuu, na waliomwokoa ni jamaa zake waliokuja na majeshi kutoka Qwara. Alipovuka hatari hiyo, alitawala kwa busara zaidi kuliko kwa upanga. Aliwaoza mabinti zake kwa wakuu wa nchi ili kuyaunganisha majimbo yenye uhasama. Juu ya kilima nje ya Gondar alijenga kasri na kanisa la Qusquam, na magofu yake yamo katika eneo la Gondar lililoorodheshwa na UNESCO mwaka 1979 kuwa urithi wa dunia. Katika kisiwa cha Dek, ndani ya Ziwa Tana, alijenga kanisa la Narga Selassie, na humo imo picha yake mwenyewe akiwa amejilaza kifudifudi miguuni pa Bikira Maria na mtoto.

Naye pia hakuponyoka midomo ya watu. Akiwa mjane alimpenda mwanamume mmoja kijana, Iyasu, wa ukoo wa marehemu mumewe, akazaa naye mabinti watatu. Watu walimpachika kijana huyo jina la kejeli, Melmal Iyasu, kwa maana ya mwanamume anayefugwa na mwanamke. Hatimaye Melmal Iyasu aliuawa. Kwa wengi, historia ya Mentewab ingeishia hapo, maana soga ikishapata mwanamke, mwanamume na kifo, haihitaji kitu cha nne.

Lakini tukiliweka kando jambo la kitanda na kufungua daftari la utawala, tunakuta swali kubwa zaidi. Mentewab alivijaza vyeo vya Gondar kwa ndugu zake wa Qwara. Nduguye, Wolde Le’ul, alishika cheo kikubwa kabisa cha baraza hadi alipofariki mwaka 1767. Ni kweli kwamba watu wa Qwara ndio waliomwokoa katika siku za hatari, na shukrani ni jambo jema. Lakini ofisi za nchi si nyama ya kugawiwa waliokuja kwenye karamu. Mwanawe alikuwa amemwoa Wubit, binti wa mkuu wa Waoromo wa Wollo. Iyasu wa Pili alipofariki mwaka 1755, mjukuu, Iyoas, akashika kiti akiwa mtoto. Mentewab alitaka kuendelea kutawala kwa niaba ya mjukuu, na Wubit akasema zamu sasa ni yake, kwani naye ni mama wa mfalme.

Hapa tena mpiga soga atakwambia kwamba ufalme wa Gondar uliangushwa na ugomvi wa mama mkwe na mke wa mwana. Si kweli. Uliangushwa na ugomvi wa vyeo na majeshi. Mama mmoja aliwaleta jamaa zake kutoka Qwara, mama wa pili akawaleta wake kutoka Wollo, na kila upande ukaona kwamba serikali ni mali ya ukoo wake. Kama wangekuwa wanaume wawili, tungeiita siasa. Kwa kuwa walikuwa wanawake, tumeiita wivu wa jikoni, na kwa kuiita hivyo tumejinyima somo ambalo sisi wa Bonde la Ufa, tulioona damu ikimwagika baada ya uchaguzi wa mwaka 2007 kwa sababu ya kabila na cheo, tulilihitaji kuliko wengi.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Ili kutatua ugomvi huo, aliitwa Ras Mikael Sehul wa Tigray, mzee mwenye bunduki nyingi. Aliyeitwa kuamua akawa bwana wa wote. Mwaka 1769 aliamuru Iyoas auawe, na kuanzia hapo Uhabeshi ukaingia katika zama za wakuu wa majimbo kupigana wao kwa wao, zama zilizodumu hadi mwaka 1855. Mentewab alimzika mjukuu wake Qusquam, karibu na mwanawe, akakataa kurudi tena katika mji wa Gondar. Alifariki mwezi wa Juni 1773.

Kuna jambo dogo linalowaunganisha wanawake hawa wawili kwa namna ya ajabu, nalo ni ugonjwa wa ndui. Mwaka 1768, wakati watu wengi Ulaya walipoiogopa chanjo kuliko ugonjwa, Catherine alimwita daktari Thomas Dimsdale kutoka Uingereza, akachanjwa yeye mwenyewe kwanza ndipo akamchanjisha mwanawe, ili raia waone kwamba malkia hawaambii wafanye asichokifanya. Mwaka 1770 ndui iliingia katika nyumba ya Mentewab huko Qusquam. Msafiri Mskoti aitwaye James Bruce, aliyekuwa amewasili Gondar mwaka huo, aliwatibu watoto wa ukoo wa kifalme, na malkia yule mzee akawa mlinzi wake katika nchi iliyojaa hatari kwa mgeni. Malkia wawili, mbali maelfu ya kilomita, walikabiliana na adui mmoja kwa kufungua mlango kwa elimu ngeni. Ni wangapi wanaowakumbuka kwa hilo?

Najua pingamizi litakalotolewa. Mtu atasema: je, tabia ya kiongozi haina maana? Je, tufumbe macho kwa sababu yeye ni mwanamke? La, hasha. Tabia ya kiongozi ni jambo la umma pale inapogusa mali ya umma, cheo cha umma na roho za watu. Catherine alipowapa wapenzi wake mashamba yenye watu, hilo lilikuwa jambo la umma, na aulizwe. Mentewab alipowapa ndugu zake vyeo, hilo lilikuwa jambo la umma, naye aulizwe. Lakini nani alilala wapi, na kwa nini hakuolewa tena, hilo halimjengei mkulima ghala wala halimpi mkimbizi wa mafuriko hema. Kipimo ni kimoja, nacho kiwe hichohicho kwa wanaume. Pasiwe na mizani miwili katika duka moja.

Sisi Wakenya tunazo hesabu zetu za kulipa katika jambo hili. Mwaka 1989, Wangari Maathai alipopinga jumba la orofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, alikuwa na hoja: bustani ni ya watu wote, na deni la jumba hilo lingelipwa na watu wote. Bungeni alijibiwa kwa kejeli, yeye na wenzake wakaitwa kundi la wanawake waliopewa talaka. Jumba halikujengwa, bustani ipo hadi leo, na mwaka 2004 mwanamke huyo akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Waliomcheka hawakuwahi kuijibu hoja yake.

Na huyo Wangu wa Makeri ambaye jina lake lilitumiwa kumnyamazisha mama wa daftari, ni nani hasa? Aliwekwa kuwa kiongozi katika eneo la Weithaga, Murang’a, mwaka 1902, chini ya Chifu Karuri wa Gakure, akaacha madaraka mwaka 1909. Tunasimuliana kwamba aliwakalia wanaume migongoni na kwamba alianguka kwa kucheza ngoma akiwa uchi. Hatuulizani swali lililo la maana: kwamba alikusanya kodi ya nyumba kwa niaba ya Waingereza, sawasawa na viongozi wanaume wa zama zake, na kwamba hilo ndilo lingepaswa kujadiliwa, kwake na kwao. Wanaume waliokusanya kodi hiyohiyo wamesahauliwa kimya kimya. Yeye amebaki kuwa tusi.

Uvumi wa namna hii huzaa matunda. Paul, mwana wa Catherine ambaye hakumpenda mamaye, alitunga sheria mwaka 1797 iliyowaweka wanawake nyuma ya wanaume wote katika urithi wa kiti cha Urusi. Hakutawala tena mwanamke katika milki ile. Uhabeshi nao ulingoja hadi mwaka 1916 ndipo Zewditu akalikalia kiti. Nasi, Katiba yetu ya mwaka 2010 inaagiza kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, lakini Bunge lilishindwa mara kadhaa kupitisha sheria ya kulitimiza hilo, hata Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais, mwezi wa Septemba 2020, alivunje. Halikuvunjwa. Ni kweli kwamba mwaka 2022 magavana 7 wanawake walichaguliwa nchini, na Kaunti yetu ya Nakuru ilimchagua Susan Kihika, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo hapa. Tuwaulize magavana hao juu ya hospitali, barabara na fedha, tena tuwaulize kwa ukali. Tukiwaacha wapite kwa sababu ni wanawake, tutakuwa tumewadharau. Na tukiwashambulia kwa habari za ndoa zao, tutakuwa tumejidharau sisi wenyewe, maana barabara mbovu itabaki mbovu baada ya kicheko kwisha.

Narudi Kihoto. Aliyepiga kelele siku ile hakujua kwamba alimfanyia mtu fulani kazi kubwa. Orodha yenye majina yasiyojulikana ilikuwa mikononi mwa mtu, na mtu huyo alitoka mkutanoni salama kabisa, amefunikwa na kicheko chetu kama blanketi. Hivyo ndivyo soga inavyofanya kazi: humvua nguo anayeuliza na kumvika aliyeulizwa.

Kwa hiyo naomba jambo moja tu. Mkutano ujao ukiitishwa, tuwe na adabu ya kumsikiliza mama yule hadi ukurasa wa mwisho wa daftari lake. Kama amekosea hesabu, asahihishwe kwa hesabu. Kama amesema kweli, anayehusika ajibu. Mimi nitaketi safu ya pili kama kawaida yangu, na safari hii, mtu akianza kucheka, nitasimama na kulirudia swali la mama huyo neno kwa neno.